Nusu Saa, Budalang'i

Nabwire kaweka kitambulisho changu rehani,
kaandika daftarini: kayaki ya manjano, saa nne na robo.
"Kasia usilikabe koo," anasema,
"lishike kama mwiko wa ugali."

Nazunguka papo hapo kama pia.
Mwanawe, ukingoni, anahesabu mizunguko kwa sauti.
Kwenye wa sita, maji yananikubali.

Hapa, mkabala na tuta jipya,
palikuwa na jiko la mama.
Nzoia uliingia usiku bila hodi,
ukaondoka na sufuria, mbuzi wawili,
na daftari langu la darasa la tatu.

Leo nimeulipa shilingi mia tatu
unibebe polepole.

Filimbi ya Nabwire. Muda umekwisha.
Nainamia kasia
kama sijasikia.