Nane kwa Nane

Mizani ya bafuni ni kaidi.
Wiki ya tano leo: tisini na moja,
vile vile, kama mdai aliyeketi mlangoni.

Mwaka mzima nimetembea.
Saa kumi na moja alfajiri, nyuzi thelathini na nne tayari,
Mabela imefumba macho, viyoyozi vinakoroma ukutani,
mimi na raba zangu, kutoka msikitini hadi kituo cha petroli,
na kurudi.
Kiangazi kilipokaza nikahamia ndani ya duka kubwa la Sib
kabla hawajafungua,
mimi na wastaafu wenzangu, raundi baada ya raundi,
masanamu ya madirishani yakitutazama
na viuno vyao visivyoijua halua.

Kilo nane zilikwenda. Kisha zikasita.
Na mikono ikalegea kama mkoba mtupu.
Siku niliyoshindwa kufungua chupa ya achari
nikamwita mjukuu, wa miaka tisa.

Kadzo alicheka.
Kadzo wa Malindi, mwalimu wa jimu ya wanawake
ghorofani, juu ya duka la dawa.
"Bi Zuwena, umechoma kuni, ukachoma na nguzo za nyumba."
Akanipa vyuma viwili vya rangi ya waridi, kilo tatu tatu.
Nikavidharau.
Mara ya sita vikanijibu.

"Nane," akasema. "Vuta pumzi. Nane tena."

Nane kwa nane! Nusura niviangushe.
Ndivyo baba alivyonifundisha kuhesabu, Mungu amrehemu,
kwa vidole, Wete, kabla hatujavuka kuja huku:
mizani nane, pumzi, mizani nane.
Mshororo una vipande viwili.
Ukifuta kimoja, kilichobaki kinachechemea.

Basi Jumapili, Jumanne na Alhamisi ni vyuma,
halafu dakika ishirini juu ya ule mkanda
unaokimbia chini ya miguu bila kukufikisha popote.
Na hapo hapo, nikihema, nikatunga:

    Kutembea peke yake, mafuta hupukutika,
    Na nyama huenda zake, misuli ikanyauka,
    Chuma kwanza ukishike, kisha ndio kuzunguka,
    Kila kimoja na chake, viwili hukamilika.

Baba angesema: ubeti mwepesi huo, binti.
Wepesi, baba, ndio ninaoutafuta.

Siku moja nilimuuliza Kadzo alijifunzia wapi kubeba.
Akamaliza kufuta kioo kwanza.
"Ndoo, mama. Lita ishirini, kilima, miaka kumi.
Kisha miaka mitatu Barka, nyumba ya watu:
mazulia, mitungi ya gesi,
bibi kizee wa kumgeuza kitandani usiku.
Hakuna aliyenihesabia nane."
Aliyasema kama anayetaja bei ya nyanya,
akanibadilishia vyuma, kilo tano.
"Sasa watu wananilipa ili wabebe wenyewe."

Sikuwa na jibu. Nilinyanyua.
Nyumbani kwangu pia kuna mitungi ya gesi.
Jioni ile niliuburuta mmoja mwenyewe, nikaufikisha jikoni,
na msichana wetu wa kazi akanitazama
kana kwamba nimevaa viatu vyake.

Jana nilikwenda Ruwi, kwa fundi Shaji,
anishonee nguo ya harusi ya mpwa wangu.
Futi ikazunguka kiuno. Akaisoma. Akaizungusha tena.
Akafungua daftari la mwaka jana, kidole kikashuka, kikasimama.
"Mama," kwa Kiarabu chake cha viraka,
"inchi tatu tunaingiza ndani."
Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi:
"Mabegani tunatoa nusu."

Asubuhi nimepanda tena ile mizani.
Tisini na moja.
Nimeisamehe. Kusoma haijui,
inajua kuhesabu tu.