Nguzo ya Saba

Naanza na nyundo, ndogo, ya gramu mia tano,
mpini wake umeshashika umbo la kiganja changu.
Zege zima hujibu ting,
sauti ya bakuli la kauri lisilo ufa.
Zege lililoachana na nondo zake hujibu bo,
kama mlango wa nyumba iliyohamwa.
Methali inatuhimiza tuzibe ufa.
Haikutwambia kwanza tuusikilize.

Kazi hii nilifunzwa mbali, kwenye baridi,
mbele ya ukuta wa mtambo wa nyuklia
mnene kuliko upana wa kitanda changu.
Kule kila ufa una namba na faili lake,
hutembelewa kila mwaka, hupimwa kwa kioo cha kukuzia,
na wakubwa huulizana habari zake
kama watu wanaoulizana hali ya mgonjwa.
Hapa Wete, jumba la mashine za umeme
lina faili moja tu, na pembe zake zimeliwa na mende.

Tangu waya upite chini ya bahari
mashine hizi za dizeli zimelala.
Hazijafa: waya ukikatika usiku,
kisiwa kizima kitakuja kuzigongea mlango.
Basi nguzo kumi na mbili lazima zisimame,
nami nazigonga, mkono mmoja nyundo, mmoja chaki,
nachora duara kila panaposema bo.

Faki Mshindo, mlinzi, ananimulikia tochi.
"Jee injinia, hii yaanguka lini?"
Namwambia sijui kuanguka.
Najua kuuliza hewa imefika wapi.

Natoboa kwa keekee, nafuta vumbi, napulizia dawa.
Zege lililo hai hugeuka rangi
ya ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau.
Lililochoka hubaki vilevile, kijivu, kama halikuulizwa.
Nguzo ya pili: hewa imetembea milimita ishirini.
Nondo iko arubaini.
Miaka yote ile, nusu ya njia.
Faki anapumua kama amesomewa majibu ya hospitali.

Ya saba inanichanganya.
Rangi nzuri, zambarau tupu hadi ndani,
na nyundo inasema bo.
Bo tena. Chini ya ufa, mstari wa kutu
mwembamba kama wanja.
Hewa huja kutoka nje.
Chumvi haikuja. Chumvi ilizaliwa humo.

Nakaa juu ya pipa, nafungua faili.
*Nguzo 7. Mchanga wa pwani. Umeoshwa mara tatu, maji ya kisima.*
Sahihi inainama kulia, herufi ya mwisho ina mkia.
Naijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu za skuli,
chini ya neno "Mzazi".

Mama husema mwaka ule wa ukame
hata chai ilikuwa na ladha ya bahari.
Kisima kilikuwa kimoja.

*Nguzo 9. Mvua kubwa, kazi imesimama. Mchanga umelowa wenyewe.*
Nainuka, naigonga ya tisa.
Ting.
Naigonga mara nyingine, bila haja.

Fomu ina kisanduku: Chanzo cha Kasoro.
Kidogo mno, cha maneno matatu manne.
Ningeweza kuandika *uzembe*, lingeenea vizuri.
Ningeweza kukiacha wazi; Baba hayupo wa kuulizwa
na aliyeko Unguja hatasoma mpaka huku.
Faki anachungulia begani. "Sahihi ya nani hii?"
"Ya mtu aliyeosha mchanga mara tatu."

Naandika: *Chumvi. Maji matamu hayakuwepo.*
Maneno yanatoka nje ya mstari.
Halafu: daraja la nne, iwekewe mihimili kabla ya masika.

Kisha nachukua brashi na rangi nyeupe,
kando ya ufa naandika namba, tarehe ya leo,
na upana: sifuri nukta nne.
Chini yake naacha nafasi
ya tarehe nyingine, na nyingine.
"Faki, mwezi wa sita n'takuja kumtazama."
Haniulizi nani.