Betri Iliyogeuzwa

Kazi yangu ni kinu cha kusaga, Chwele, nyuma ya soko la ng'ombe.
Mwaka wa kumi na moja huu nasema juu ya injini.
Hata nikiomba chumvi mezani, mke wangu hushtuka.
Basi msinilaumu kwa sauti.
Au nilaumuni. Sijui.

Jumamosi ile nilivua mkanda wa mashine,
nikajipangusa unga masikioni, nikaenda uwanjani,
uwanja wa shule ulioinama kama sahani ya uji mkononi mwa mtoto:
mpira ukipigwa huku juu, unateremka wenyewe
hadi kwenye migomba ya mwalimu mkuu.
Watoto wa chini ya miaka kumi na miwili.
Nasema tena: kumi na miwili.
Jezi za kuazimwa kwa wakubwa ziliwafika magotini.
Mukhwana wangu alivaa tisa,
mkia wa tisa ukaingia ndani ya kaptula,
ikabaki sifuri.

Refa alikuwa binti Khakasa, mwalimu wa chekechea,
filimbi kaifunga kwa kamba ya kiatu.
Dakika ya nane akapuliza: mwanangu ameotea.
Ameotea wapi?
Nikamwambia akapulize jiko la mamaye.
Watu wakacheka.
Kicheko cha watu ni pombe. Nikaongeza.

Kocha wetu, Litunya, alikuja na fimbo ya mpera
na neno moja: "Vunja!"
Vunja nini, hakusema.
Beki mmoja wa Kimilili, kafupi, masikio makubwa,
akatema jino mkononi, akalitazama.
Litunya akapiga makofi.
Mama wa upande wa pili akavuka kamba na mwavuli,
mwavuli ukafunguka wenyewe juu ya kichwa cha kocha,
na mimi, baba wa watoto wanne, mwenye daftari la madeni ya watu wazima,
nilikuwa nimeshavua kiatu.

Kilimkosa Khakasa, kikaangukia migombani.
Nilikifuata mguu mmoja kiatu, mmoja soksi,
nyuma yangu filimbi inalia, inalia, haina wa kuisikia.
Nilipogeuka, watoto ishirini na wawili
walikuwa wameketi katikati ya uwanja,
kijani na nyekundu wamechanganyika,
wanapokezana kipande cha muwa,
wakingoja tumalize mchezo wetu.

Lakini si hilo nililotaka kusema.

Usiku stima ilipotea.
Nilikuwa nje, kizingitini, natafuta funguo mfukoni.
Ndani Mukhwana na dadake wako sakafuni, na koroboi.
Vizibo vya soda: vyekundu Kimilili, vya kijani Chwele.
Mpira, punje ya mahindi.
Maharagwe kando ya mstari: "Hawa ni watu."
Kiberiti kimesimamishwa: "Huyu ni kocha. Usimguse, atawaka."
Kisha betri ya redio, ile nene, iliyokwisha moto.
"Na huyu?"
"Huyu ni baba."
"Mbona umemgeuza ukutani?"
Akasogeza kizibo kimoja, akakirudisha.
"Nilitaka awepo," akasema.
"Asione tu."

Funguo nilikuwa nimeishika muda wote.

Jumatatu Khakasa alikuja na debe lake la mahindi,
akapanga foleni kama mtu yeyote.
Zamu yake ilipofika nikazima injini.
Wanawake wakatazamana: kumeharibika nini?
Unga ulikuwa bado unashuka hewani, polepole, juu ya mabega yetu.
Nikafungua mdomo.
Sauti ikatoka ndogo, ngeni,
kama ya mtu aliyeamshwa katika nyumba isiyo yake.
Nilisema nililosema.

Khakasa akainua kichwa kutoka kwenye debe.
"Unasemaje?" akauliza.
"Sijakusikia."