Daftari la Mvua, Mbokomu

Kijana wa hali ya hewa amekuja na kompyuta mgongoni.
Jina lake Aminieli, viatu vyake tope tupu la mfongo.
Anaitaka mvua ya baba.
Nampa kiti, namchemshia kahawa ya kihamba,
nalitoa daftari sandukuni. Linanuka dawa ya nondo.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Saa tatu kamili asubuhi
aliinamia kopo la shaba nyuma ya ofisi
kama mtu anayechungulia kisima,
akamimina mvua ya jana katika gilasi yenye mistari,
akafumba jicho moja, akaandika.
Ukurasa wa kushoto: mvua. Ukurasa wa kulia: sisi,
majina hamsini na mawili, kalamu ileile nyekundu.
Karatasi ilikuwa adimu. Mawingu na watoto
tulisahihishwa mahali pamoja.

Mvua kwanza ilikuwa inchi. Ilipogeuka milimita
bibi alishika kifua:
juzi ilikuwa mbili, leo hamsini. Tutapona?
Yeye alipimia mfongoni, kwa fimbo ya isale yenye alama mbili.
Ikilowa mpaka ya juu, zamu yetu imetosha,
fungua kwa jirani.
Ugomvi ulikuwepo, ila haukuwa juu ya fimbo.

Nasi tulibadilishiwa vipimo.
Kaka zangu waliandika insha,
na msahihishaji alisoma mpaka nukta ya mwisho,
akatia maksi hata kwa mzaha uliomchekesha.
Mwaka wangu ukaja mtihani wa kuchagua:
zungushia herufi moja, usitoe maelezo.
Mimi nilikuwa mtoto wa maelezo.
Swali la tisa liliuliza mvua hutoka wapi.
Niliona majibu mawili ya kweli,
nikakaa hapo mpaka kengele.

Matokeo yalibandikwa ukutani, ofisi ya kata.
Jina langu halikuwemo.
Baba aliisoma orodha kwa jicho moja,
akarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Aminieli anakuna kichwa. "Mama, hapa, sabini na nane,
mvua inashuka ghafla, haipandi tena.
Vituo vya jirani havikushuka. Kulitokea nini?"

Wavulana walilifanya kopo kuwa goli, mwanangu.
Baba akalihamishia chini ya mgrivelia, mbali na mpira.
Matawi yakawa yanakunywa kwanza.

"Kwa hiyo mvua haikupungua?"
Mwaka ule, hapana. Ya siku hizi kaulize mfongo.

Anacheka, anaandika. Anayo njia, anasema,
ya kuzinyanyua namba zilizokaa kivulini,
kwa kuzisimamisha kando ya zile za Uru na Kibosho
mpaka zionekane kimo chao.
Nyanyua, namwambia. Zimekaa sana.

Kisha nakiri, maana kahawa imeisha na yeye ni mpole.
Aprili ya themanini baba alilazwa Mawenzi,
kazi ya kopo ikawa yangu.
Kulikuwa na baridi. Nilikuwa nimefeli.
Siku nne mfululizo niliandika sifuri nikiwa kitandani,
nikiisikia inavyopiga bati.

Nangoja anikemee.
Hakemei. Wala hafuti.
Kando ya kila sifuri anaweka alama ndogo ya kuuliza,
ili atakayekuja baada yetu, anasema,
ajue kwamba hapa palikuwa na mtu.

Nje mgrivelia umeshakatwa, kisiki kinaota uyoga.
Kituo kipya kinasimama uwanjani, cheupe,
kinatuma mvua mbali kabla haijatufikia masikioni.
Hakina mwandiko.

Aminieli anakunja waya zake.
Nafunua ukurasa wa kulia, nashuka kwa kidole
mpaka mstari wa thelathini na moja,
jina langu na neno moja jekundu.

Namwomba penseli.