Alama ya Fundi

Miaka arobaini na sita nimeiona kila asubuhi
nikipiga mswaki dirishani: ile pale, juu ya mwamba,
kama jino bovu ambalo bahari imeshindwa kuling'oa.
Sikuwahi kupanda.
Ngome ilikuwa ya wageni wenye kamera na makoti ya njano.
Sisi tulikuwa na mitungi ya gesi ya kupeleka.

Leo Rhona ana kazi ya shule: andika habari za jengo la kale.
Haya, twende, nikasema. Manyunyu yalitung'ata masikio,
nyasi zimelala kifudifudi kwa upepo,
kondoo wakitutazama kama makarani wa benki.

Langoni, kwenye kibanda cha bati, tukamkuta Dolina Mowat,
chupa ya chai mapajani, ufunguo shingoni,
ufunguo wa mlango usiokuwepo tangu enzi za babu wa babu yake.
"Wewe ni Bremner wa gesi," akaniambia.
"Umechelewa kidogo."
Hakututoza.

Ndani hakuna ndani.
Meko ya ghorofa ya pili inaning'inia ukutani
bila sakafu, bila mtu;
shakwe ameatamia pale palipokuwa na majivu.
Ngazi inapanda vidato kumi na kimoja, kisha inaghairi.

"Nani aliivunja?" Rhona akauliza, kalamu tayari.
Jibu nilikuwa nalo, lile la baa:
Waingereza, mizinga, usiku wa dhoruba,
bwana mkubwa akafa na upanga mkononi.
Dolina akacheka hadi chai ikamwagika.

"Bwana mkubwa alifia kitandani, Edinbara, kwa maradhi ya utumbo.
Aliacha madeni na daftari."
Nakala ya daftari hilo ameisoma majira matatu ya baridi,
kwa miwani na kioo cha kukuzia.
Mna mayai humo, mna mapipa ya samaki,
mna watu waliolipa kodi kwa migongo:
"Marjori Bremner, mjane. Siku kumi na nne, kubeba mawe kutoka ufukweni."
Mwaka uliofuata: "Marjori Bremner. Siku kumi na nne."
Mwaka uliofuata, jina la bintiye.

Rhona aliacha kuandika.
"Ni sisi?"
"Mwambao huu," Dolina akasema, "akina Bremner ni wengi kuliko kondoo.
Siwezi kuapa."

Bwana alipoondoka, na paa likaporomoka,
halikuja jeshi.
Alikuja mtu mmoja na toroli, akihitaji kizingiti.
Kesho yake jirani, akihitaji zizi la nguruwe.
Haba na haba hujaza kibaba, twafunzwa;
hatuambiwi kwamba humaliza ngome.
Mawe yaliyopandishwa kwa kodi yakateremka bure,
usiku, mchana, miaka mia na ushei,
na mchungaji, aliyehubiri usiibe,
akajenga ukumbi wa kanisa kwa mnara wa kaskazini.

Kisha akatuonyesha, chini ya dirisha, alama ya fundi:
mistari mitatu na mkato mmoja, kama uti wa samaki.
Kila mwashi alikuwa na yake, ili alipwe kwa hesabu.
Jina la huyu daftari halikulishika.
Rhona aliigusa kwa kidole, akanigeukia
kwa uso ule wa siku alipogundua kuwa nilimdanganya kuhusu paka.

Kwani tunaijua.
Iko jikoni kwetu, kwenye jiwe la meko, upande wa kushoto,
pale bibi yangu alipokuwa akinoa kisu
na kusema, "Mikwaruzo tu hiyo."
Mama naye akasema hivyo.
Mimi nimesema hivyo juzi, Jumapili.

Njiani hatukuzungumza, ila kuhusu soksi zilizolowa.
Nyumbani alipiga magoti mbele ya meko,
akaweka karatasi juu ya jiwe, akasugua penseli,
na uti wa samaki ukaibuka, mweupe ndani ya weusi.
Juu yake akaandika, kwa herufi za kulala, JENGO LA KALE,
kisha akauliza kama inatubidi tulirudishe.
Nikamwambia amuulize Marjori.