Sufuria ya Kuazima

Tukuyu, saa sita usiku, mvua haijui kuchoka.
Bati la chumba changu linasoma kila tone kwa sauti.

Nilitaka kitu kidogo tu:
kihariri kikitambue Kinyakyusa cha Mwalimu Andengenye,
kisimpigie mstari mwekundu chini ya kila neno
kana kwamba lugha aliyonyonya ni kosa la tahajia.
Miaka tisa anaandika kamusi yake,
na kila akiandika *ndaga*, mashine inamrekebishia: *ndogo*.

Nikaita kifurushi kimoja. Kimoja.
Mgeni niliyemwalika akaja na shemeji,
shemeji na mpwa, mpwa na fundi wake wa viatu,
na fundi naye hawezi kulala mbali na mwenye sindano.
Mia tatu na kumi na wawili wamejaa foldani,
hakuna aliyeuliza kama unga unatosha.

Kwenye asilimia themanini na saba simu ikalia:
*Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha.*
Kipi? Nikacheka peke yangu kama mlevi.

Nikavaa koti, nikashuka kwa Mama Subilaga
anayeuza vocha dirishani hadi usiku wa manane
tangu usingizi umhame.
"Bado unapigana na hiyo kompyuta?"
Nikamweleza: huyu anataka toleo la pili la yule,
mwenzake anataka la tatu, la pili hataki hata kulisikia,
na mimi nawahitaji wote wawili meza moja.
Akahesabu chenji, akasema,
"Basi ni ile sufuria ya Katumba."

Harusi ya dada yangu Tumpe.
Tuliahidiwa sufuria kubwa Jumamosi,
na kwaya iliahidiwa hiyohiyo, Jumamosi hiyohiyo.
Mama Subilaga aliiazima kwa kwaya,
kwaya iliitoa Bulyaga, Bulyaga waliipata
kwa mtu ambaye hakuna aliyemjua jina.
Tulipoipindua kusugua masizi
tukakuta herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari:
A.M.
Wali wa watu mia nne, juu ya A.M.

Nikarudi na bando. Nikaufuata ukoo wa wageni wangu,
tawi, kitawi, kijiti,
mpaka chini kabisa: mistari kumi na mmoja
isiyofanya lolote ila kufuta nafasi tupu mwishoni mwa sentensi.
Mwenyewe hajaigusa miaka sita.
Ameacha maneno mlangoni:
*Nimepata mtoto. Sina muda. Tumieni.*

Nikakaa na hilo. Umeme ukakatika, ukarudi.

Sikupandisha toleo lolote. Nilifunga kila kimoja
kwa namba yake kamili, si "hili au jipya zaidi",
kama mbuzi unayemfunga kamba fupi
kando ya mahindi ya jirani.
Kati ya wale wawili wagomvi nikamtoa mmoja,
kazi yake nikaiandika mwenyewe, vibaya,
mistari arobaini ambayo simwonyeshi mtu.

Alfajiri *ndaga* likapita salama.
*Mbalaga* likapita.
Jina la Mwalimu mwenyewe likapigwa mstari mwekundu.
Nitalishughulikia. Leo hapana.

Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu,
hurudi na maharage, hata konzi moja.
Katika ile mistari kumi na mmoja nilikuta tobo:
faili likiwa na mstari mmoja pekee, linarukwa.
Nikaliziba, nikamtumia yule mzazi asiye na muda.
Mtoto wake sasa yuko darasa la kwanza, nadhani.
Huenda asifungue.

Nilimwandikia kwa ufupi nilichobadilisha na kwa nini,
kisha, kwa kuwa pale chini palibaki nafasi tupu
ambayo msimbo wake ungeifuta,
nikaongeza: *huku mvua bado inanyesha.*