Meza

Ovaroli yake naifua peke yake, ndoo ya pili,
tangu Lídia atokwe na vipele shingoni
kwa kumkumbatia baba yake mlangoni.

Firmino hupaka meza.
Miaka kumi na tisa, kiwandani kwa Abílio,
chini bondeni, Paços de Ferreira,
meza zimepita mbele yake kama ng'ombe kwenye josho:
zinaingia kavu, zinatoka zinang'aa.
Kopo la kwanza ni vanishi. Kopo la pili
ni dawa ya kuikaza.
Bila la pili, alinieleza siku za uchumba wetu,
vanishi hubaki mbichi, hushika alama ya kidole.
Changanya, puliza, subiri.
Haina harufu ya kutisha. Utamu kidogo,
kama tunda lililosahauliwa ndani ya mkoba.

Haikuanza kwa kishindo.
Ilianza kwa filimbi,
saa nane za usiku, nyembamba,
nikaamka kufunga dirisha.
Dirisha lilikuwa limefungwa.

Wakasema sigara. (Hajavuta tangu atoke jeshini.)
Wakasema chavua ya misonobari.
Mama yake akasema ni kifua cha ukoo,
akachemsha majani ya mkaratusi
mpaka vioo vya jikoni vikalowa,
nasi tukakaa ndani ya mvuke
kama abiria wa treni isiyofika.
Abílio akasema: barakoa si zipo?
Zipo. Msumarini. Chujio
lilibadilishwa mwaka Lídia alipoanza shule.
Lídia sasa anajifunza kuendesha gari.

Mpaka daktari Graciete, mwanamke mfupi
mwenye wino kwenye mkono wa koti,
alipouliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza:
"Siku gani unapumua vizuri?"

Firmino akanigeukia mimi,
kana kwamba pumzi zake nazitunza mimi.
Na kweli nazitunza.
Jumapili, nikasema. Na Agosti nzima,
kiwanda kikifungwa. Pale Póvoa, ufukweni,
alipanda ngazi za hoteli akipiga mluzi,
nami nikafikiri ni ile hewa ya chumvi.

Tukapewa kibomba na daftari.
Mara nne kwa siku, vuta, puliza kwa nguvu, andika.
Jumapili: mia nne na themanini.
Jumatatu mchana: mia nne na kumi.
Jumatano: mia tatu na ishirini,
na mwandiko wenyewe unainama.
Ijumaa jioni hakuna namba. Nimeandika mimi:
amekaa kwenye ngazi, hajafika juu.

"Mwili umeshaijua dawa ile," daktari akasema,
"na mwili hausahau.
Sasa hata chembe. Hata koti la mwenzako akipita."
Hapo ndipo nilipolielewa kopo la pili.
Limetumwa kukaza, halikuambiwa nini.
Limekaza vanishi, limekaza kifua.
Miaka kumi na tisa ya meza,
na mume wangu amezimeza zote,
za mialiko, za ofisi, za watoto,
meza za watu wa Lyon tusiowajua
wanaofuta makombo bila kuwaza.

Sasa yuko getini. Anahesabu malori,
mshahara robo tatu, mgongo kwa moshi.
Usiku filimbi huja bado, ila kwa mbali.

Bastola ya rangi amepewa Valdemar, mtoto wa dada yake,
miaka ishirini na mbili, shingo kama nguzo.
Jana alikuja kunywa supu ya kabichi.
Kati ya kijiko na kijiko akakohoa,
kikohozi kikavu, kidogo, cha adabu,
akafunika mdomo kwa kiganja.
"Mafua tu, mkazamjomba."

Nikasogeza bakuli lake kando.
Nikakisuuza kibomba kwa maji ya moto,
nikakiweka juu ya meza
pamoja na daftari, ukurasa mtupu.
"Leo Jumatatu," nikamwambia.
"Puliza."